Vyombo vya kila siku: nunua kwa kipande, si kwa seti

Kabati la sebuleni lina seti ya maua ya waridi iliyokuja na kichen pati, na tangu siku hiyo haijaguswa. Jikoni watu watatu wanapokezana vikombe viwili vya plastiki na kimoja cha udongo chenye pengo. Nyumba za hivi zimejaa, Shangani ya Mtwara hadi Mikindani, Lindi mjini hadi Masasi. Vyombo vipo, ila vilinunuliwa kwa ajili ya mgeni anayekuja mara nne kwa mwaka, na wenye nyumba wakasahaulika.

Kwa kaya ya watu wawili hadi wanne, seti ni ununuzi mbaya. Seti ya vipande 24 mara nyingi ni sahani bapa sita, sahani ndogo sita, vikombe sita na visosi sita. Kisosi hakina kazi jikoni kwetu. Kinachovunjika ni kikombe. Baada ya muda unabaki na visosi sita na vikombe viwili, na ukirudi dukani ua lile halipo tena, limekuja jingine. Ndiyo maana tunasema nunua kwa kipande: rangi moja isiyo na ua, nyeupe au ya maziwa, umbo la kawaida ambalo utalikuta katika maduka matatu tofauti. Kikivunjika kimoja unaongeza kimoja. Muuzaji wa jumla akikataa kukuuzia chini ya nusu dazeni, gawaneni na jirani. Nusu dazeni ya kitu kimoja mnachokitumia wote ni fedha iliyokaa mahali pake kuliko seti nzima ya mapambo.

Kabla ya kwenda sokoni, kaa uandike mlichokula wiki nzima. Hapa kusini orodha haitofautiani sana: uji asubuhi, au chai na mihogo, chai na vitumbua, mchana ugali wa muhogo au wa mtama na samaki wa nazi, kisamvu, mbaazi, usiku wali, katikati ya siku ming'oko (mizizi ya porini) ya kuchemsha inayomenywa kwa mkono. Ukiisoma orodha hiyo utaona mambo mawili. Karibu kila mlo una mchuzi, na karibu kila mlo unaliwa kwa mkono. Sahani bapa ya kizungu ilitengenezwa kwa kisu na uma.

Kwenye sahani bapa tui linakimbilia ukingoni, na tonge la wali likikosa ukuta wa kuegemea linasukumwa mpaka linadondoka mezani au mkekani. Ukitaka kununua aina moja tu ya sahani, nunua ya kina: upana wa mdomo sentimita 21 au 22, kina kama sentimita 4, ukuta uliosimama kiasi. Inabeba wali na mchuzi, ugali na mboga, hata uji kwa dharura. Angalia kitako chake. Mtu anapokata tonge anakandamiza upande mmoja wa sahani, na kitako kikiwa chembamba sahani inabinuka na mchuzi unamwagika. Kipimo chepesi: upana wa kitako usipungue nusu ya upana wa mdomo. Mdomo wa 22, basi kitako kianzie 11.

Ndani, pale ukuta unapokutana na sakafu ya sahani, pawe mviringo, pasiwe na kona. Ugali wa muhogo unanata, na ukikauka kwenye kona unahitaji ukucha. Halafu chagua uso unaong'aa. Siku hizi kuna sahani nzuri za rangi ya moshi zisizong'aa, na kwa picha zinapendeza, lakini uso ule una ukwaru usiouona kwa jicho. Kijiko cha alumini kikipita juu yake kinaacha mistari ya kijivu kama ya penseli. Huo si mkwaruzo, ni alumini yenyewe iliyobaki kwenye sahani. Unaitoa kwa ndimu na majivu laini yaliyochekechwa, na kesho inarudi.

Ukwaru huo una balaa jingine ambalo watu wa nazi tunalijua. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka kufika nyuzi 24 hivi. Mwezi wa saba, sahani za wali zilizolala usiku kucha utazikuta asubuhi na utando mweupe, na maji baridi ya ndoo yanausambaza tu. Uso unaong'aa unaachia kwa maji ya uvuguvugu mara moja. Uso wa ukwaru unabaki na harufu ya nazi iliyochacha, na wengi hudhani sabuni ndiyo mbaya.

Bakuli ziwe saizi mbili tu. Kubwa ya uji na supu, mdomo sentimita 15 na kina kama 6 au 7, inaingiza karibu mililita 600 ukijaza hadi juu, kwa hiyo 400 za uji zinakaa bila kumwagika. Ndogo ya mchuzi, mboga au kachumbari, mdomo sentimita 12, inaingiza kama 300. Zote ziwe na kitako kilichoinuka, maana bakuli la uji wa moto hushikwa kwa chini, na kitako kile ndicho kinachokukinga vidole. Zikiwa za umbo moja zinaingiana na kukaa sehemu ndogo. Bakuli zenye tumbo nene na mdomo uliojikunja ndani zikatae: haziingiani, na kijiko hakifiki.

Sasa kikombe. Hapa ndipo watu huharakisha, na hapa ndipo pa kukaa, kwa sababu kikombe kinashikwa mara nyingi kuliko chombo chochote ndani ya nyumba.

Kiweke kwenye kioo cha kaunta, ukiguse mdomo kwa kidole upande huu na upande ule. Kikicheza, kitako kimepinda kwenye tanuri na hakitanyooka. Kigeuze kifudifudi, ufanye vilevile. Mdomo uliopinda unavujisha chai pembeni ya midomo. Kisha kining'inize kwenye kidole kimoja kwa mkono wake, ugonge ukingo kwa kalamu. Kizima kinalia kama kengele ndogo, sauti inakaa. Chenye ufa kinaguna na kunyamaza, hata kama ufa huuoni. Usilinganishe aina mbili tofauti, kwa sababu udongo mnene na mwembamba havilii sawa. Gonga vya aina moja kwa mfululizo: sita vikilia na cha saba kikaguna, cha saba kirudishe. Muuzaji akinuna, mwache anune.

Mkono wa kikombe uingize vidole vitatu, na vifundo vya vidole visiguse ukuta. Nafasi ya sentimita 3 kati ya mkono na ukuta inatosha. Mikono ile midogo ya kidole kimoja inakulazimisha kushika uzito wote kwa ncha. Na uzito upo: kikombe kitupu cha kawaida ni gramu 300 hadi 350, ukiongeza chai ya mililita 250 umeshika zaidi ya nusu kilo. Kwa bibi au babu ambaye vidole vinamuuma, tafuta chepesi zaidi chenye mkono mpana. Kagua pale mkono ulipounganishwa, juu na chini. Kijistari chembamba au vitundu kama vya sindano kwenye maungio ni dalili kwamba mkono ulibandikwa udongo ukiwa umeshaanza kukauka. Utakatika, na hukatika wakati kikombe kimejaa.

Ujazo upime kwa chupa ya maji ya nusu lita. Nenda nayo dukani, hakuna aibu. Kikombe chenye upana wa nje wa sentimita 8 na kimo cha 9 na nusu kinaingiza kama mililita 320 hadi ukingoni, yaani 250 za kunywa bila kuunguza vidole. Chupa ya chai ya lita moja inatoa vikombe vinne vya hivyo. Ukichukua vikombe vya mililita 450, vile virefu vinavyovuma sasa, chupa inaisha kabla kikombe cha mtu wa tatu hakijajaa, na nusu ya chai inapoa mezani. Mdomo mpana sana nao unapoza haraka. Kwa uji hiyo ni faida, kwa chai ni hasara. Ila usishuke chini ya upana wa ndani wa sentimita 7, mkono wa kuosha hautaingia, na madoa ya chai yataanza chini kabisa pale usipofika.

Mwisho geuza utazame kitako. Kwenye vyombo vingi kuna pete isiyopakwa rangi ya kioo, ule utando mgumu wa juu ya chombo, na hapo udongo wenyewe unaonekana. Weka tone la maji hapo. Likibaki juu kama kwenye jani la mgomba, udongo umeiva vizuri, umechomwa zaidi ya nyuzi 1,200. Likinywewa, huo ni udongo laini, uliochomwa kwa joto la chini ya hapo. Udongo laini hauui mtu, lakini unakunywa maji kila unapooshwa, taratibu unavimba, na uso wake wa kioo unapasuka nyufa kama nywele. Nyufa hizo zinaingiza chai na mafuta, kikombe kinabadilika rangi kutoka ndani. Vikombe vingine havina pete: vimepakwa kote, chini kuna alama tatu ndogo za ncha. Ni vijiti vya kukisimamisha ndani ya tanuri vilivyoacha alama, na mara nyingi navyo ni vya udongo laini.

Jambo la maji kutuama linasahaulika. Kikombe kikigeuzwa kwenye kichanja, shimo la kitako linakuwa kikombe kingine kinachokusanya maji machafu na vumbi. Vipo vikombe vyenye mikato miwili au mitatu kwenye pete ya kitako ili maji yatoke. Ukiviona, chukua hivyo.

Maua na rangi viwe nje. Pitisha ukucha juu ya ua: likiwa na mgongo unaohisika, limebandikwa juu ya kioo, halikuchomwa chini yake. Litafutika kwa kusuguliwa, na rangi za namna hiyo, hasa nyekundu, njano na machungwa kali za vyombo visivyojulikana vilikotoka, huweza kuwa na madini ya risasi au kadimiamu yanayoyeyuka kwenye kitu kichachu. Sisi tunatia ndimu na ukwaju katika kila kitu. Ukitilia shaka bakuli lenye rangi ndani, jaza siki uiache siku nzima: rangi ikififia au kuparara, bakuli hilo ni la funguo. Isipofifia bado si cheti cha usalama, ndiyo maana ndani pawe peupe. Na mstari wa dhahabu mdomoni hautakiwi kwenye maikrowevu, utatoa cheche.

Sokoni neno udongo linabeba kila kitu kinachovunjika, na visivyovunjika navyo vina majina yake. Melamini ndiyo inayotawala, na mmachinga anayeiuza ataipiga chini mbele yako kukuonyesha. (Jina hilo la machinga, watu wa Lindi wanajua, ni la kabila la huku kabla halijawa la wachuuzi wa nchi nzima.) Kweli haivunjiki kirahisi. Lakini ni plastiki ngumu inayoanza kuachia kemikali zake chakula kikizidi nyuzi 70, na uji unaotoka jikoni, chai inayotoka kwenye chupa, vyote viko juu ya hapo. Melamini ifanye kazi ya matunda, ming'oko iliyopoa, vitumbua, maganda. Isiingie maikrowevu, isilaze kachumbari ya ndimu usiku kucha. Ikishapoteza mng'aro na kujaa mikwaruzo, muda wake umeisha. Doa la bizari halitoki kwa sabuni, ila jua la saa chache linalififisha. Tena bila gharama.

Stenlesi ndiyo ningempa mtoto, na ndiyo ningeweka akiba ya wageni. Tatizo lake ni moto: bakuli la ukuta mmoja likitiwa uji halishikiki, kwa hiyo tafuta lenye kuta mbili au liweke kwenye sahani. Wauzaji wanatumia sumaku kuonyesha kwamba ni halisi, isiponata wanasema ni nzuri. Jaribio hilo halitoshi. Kuna stenlesi ya bei ya chini iliyoongezwa manganizi badala ya nikeli. Nayo sumaku haiinati, na hewa ya bahari inaipa madoa ya kahawia haraka. Penye namba chini ya chombo, 304 au 18/10 au 18/8 ndiyo ya kuchukua. 201, ile ya manganizi, iwe ya bara, isiwe ya nyumba inayosikia mawimbi.

Bati lililopakwa rangi ya kioo, lile la vikombe vyeupe vyenye mdomo wa buluu, linapendwa kwa uzee wake. Ni zuri mpaka limeguke. Pakibanduka chuma kinabaki wazi, na chai, au maji ya mabibo, yana ukali wa aina moja na ule wa magome ya miti ambao ukikutana na chuma unatoa weusi kama wino. Ukiona kikombe cha bati kimeweka doa jeusi mahali pamoja, hapo pamebanduka. Na mdomo wa bati unaunguza. Kwa sinia la kulia pamoja sina neno nalo.

Vyombo vya kioo cheupe, vile vyembamba vyepesi kama ganda la yai, ni vizuri kuliko vinavyoonekana. Havinywi maji, havishiki harufu. Vingi vimekazwa kwa joto, vinavumilia kugongana, na siku vikiamua kuvunjika vinatawanyika vipande vidogo chumba kizima. Ndani ya nyumba yenye mtoto anayetambaa, fikiria mara mbili. Bilauri ya kawaida ya chai ya rangi iwekewe kijiko cha chuma kabla ya kumimina. Kijiko kinakula joto la kwanza. Kinachopasua chombo ni tofauti ya joto kati ya ndani na nje, na kioo kinene kinapasuka kuliko chembamba kwa sababu joto linachelewa kuvuka. Hivyo hivyo usitoe sahani ya moto ukaitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya kisima.

Maji ya kisima yenyewe. Pwani visima vingi vina chumvi, na chombo kikikaukia maji hayo juani kinabaki na vidoa vyeupe. Kwenye udongo na kioo ni uchafu wa macho tu, ndimu inatoa. Kwenye stenlesi chumvi inayokaukia kila siku mahali pamoja inachimba vitundu. Suuza ya mwisho iwe ya maji ya mvua au ya bomba kama yapo, hata kikombe kimoja kikimiminwa juu ya rundo, kisha futa vya chuma kwa kitambaa.

Kuvunjika kwingi hakutokei mezani. Hutokea sehemu mbili: kwenye beseni na kwenye kichanja. Beseni moja linajazwa sufuria, sinia na vikombe pamoja, sufuria inageuka na kumkalia kikombe. Osha kwa mpangilio: vikombe na bilauri kwanza peke yake, kisha bakuli na sahani, sufuria mwisho na mchanga wake. Mchanga usiguse kitu kingine, unakwaruza kioo cha udongo kama msasa. Kichanja cha fito nacho kipime. Nafasi kati ya fito na fito isizidi sentimita 3, la sivyo kikombe kinakaa kwa mkono mmoja kikisubiri kuku apite chini. Upande wa kusi inapovuma weka fito ya pembeni iliyoinuka sentimita 10, maana upepo unasukuma melamini na melamini inasukuma udongo.

Hesabu ya vipande kwa watu watatu tunaiweka hivi: sahani za kina tano, bakuli kubwa nne, ndogo nne, vikombe vitano, bakuli mbili za kupakulia za lita moja na nusu, sinia moja, jagi moja. Kanuni ni idadi ya watu na mbili juu kwa sahani na vikombe, na moja juu kwa bakuli. Zaidi ya hapo vyombo vinaoshwa kwa zamu mbaya: kila mtu anachukua kisafi, rundo linasubiri jioni. Ikitokea shughuli, vyombo vya kukodi vipo na vya majirani vipo. Huwezi kuweka ndani sahani 60 kwa ajili ya arobaini moja.

Ramadhani inabadilisha hesabu upande mmoja tu, wa bakuli. Futari inataka ya uji, ya tambi, ya magimbi, na tena kuna zile zinazovuka ua kwenda kwa jirani. Bakuli linalotoka liwe la stenlesi ambalo hukulipenda sana, na chini yake piga alama ya rangi ya kucha, nukta mbili au herufi. Futari ya kwenda kwa mtu ni ya moto, kwa hiyo stenlesi yenye mfuniko ndiyo hasa. Likirudi litarudi na kitu ndani, ndiyo desturi, kwa hiyo liwe na kina.

Chungu cha Kimakonde kina nafasi yake hata katika nyumba ya watu wawili. Kimoja kidogo cha lita mbili kwa samaki wa nazi, na kinapanda mezani kama kilivyo. Kinachomwa nje kwa kuni, si tanuri, kwa hiyo udongo wake unakunywa maji na lazima uandaliwe. Kiloweke usiku mmoja, kijaze uji mwembamba wa unga wa muhogo, kichemshe taratibu kwa moto mdogo hadi uji uwe mzito, kiache kipoe na uji ndani, kisha ukimwage. Wanga umeziba vitundu. Ukiruka hatua hiyo, mchuzi unatoka jasho kwa nje na chungu kinanuka samaki milele. Sabuni usitie, kinainywa, utaionja kesho. Maji ya moto na brashi ya makumbi vinatosha.

Kupenda vyombo vya mbali si ugonjwa wa leo. Wafanyabiashara wa Kilwa Kisiwani kati ya karne ya 13 na ya 16 waliuza na kununua vyombo vya Uarabuni, vya Uajemi na kauri ya China, na vigae vyake vimechimbuliwa kwenye magofu hayo, yaliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981 pamoja na Songo Mnara. Anayekucheka kwa kugonga vikombe dukani hajui kwamba pwani hii imekagua vyombo kwa miaka mingi sana.

Wengi huagiza Dar es Salaam, Kariakoo, na vyombo vinakuja na basi kupitia Kibiti na Nangurukuru. Vipakie hivi. Sahani zisimame kwa ukingo kama vitabu kwenye rafu, zisilale. Zikilala, ya chini inabeba mtikisiko wa zote. Kila moja gazeti lake. Kikombe kijazwe gazeti ndani, mkono wake ufungwe kando kwa kipande cha nguo, kiwekwe kifudifudi. Chini ya boksi na juu yake weka kanga iliyokunjwa au maranda, unene wa vidole vinne. Tikisa boksi kabla ya kufunga: likisema kitu, fungua uzibe. Na liandike pande zote, si juu tu, maana kwenye buti juu haionekani.

Vikifika, usivipange kabatini moja kwa moja. Pete ya kitako ikiwa na ukwaru inakwaruza sahani iliyo chini yake na meza pia. Chukua sahani mbili, zigeuze, lowesha vitako, visuguane kwa mzunguko dakika moja. Au tumia msasa laini uliolowa. Uwe umelowa, usivute vumbi lake. Kuna wanaochemsha vikombe vipya wakiamini vinakomaa. Havikomai, udongo uliochomwa vibaya hauponi kwa sufuria. Lakini chenye ufa wa kujificha kitajionyesha humo, nawe bado una risiti.

Kinachobaki ni kujua lini chombo kinatoka kazini. Chenye pengo mdomoni kinashuka cheo: kinakuwa cha kuchotea mchele, cha mbegu za mchicha, cha miswaki. Chenye nyufa za nywele kwa ndani kisipewe kitu cha maji tena. Gundi ya kuunganishia isiguse chombo cha chakula hata ikishika vizuri kiasi gani. Chenye ufa kwenye mkono hakishuki cheo, kinatoka nje siku hiyohiyo. Vunja mwenyewe, na vigae vitandaze chini ya kopo la mwarobaini au la mrehani, maji yapite.